Fenicha za kisasa kwenye sebule ndogo: acha kununua seti, pima, peleka vipimo kwa fundi (uzi mrefu)

Mleta uzi (Dar es Salaam):

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa sisi tuliopanga chumba na sebule, na kwa wale waliojenga nyumba ndogo hela ikaishia kwenye bati na madirisha. Nitazungumzia Dar zaidi kwa sababu ndiko niliko, ila mafundi wa Mwanza, Arusha na Dodoma wanafanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Nianze na linalonikera. Fenicha zetu zinauzwa kwa seti: sofa za watu saba, yaani moja ya watatu, moja ya wawili na mbili za mtu mmoja mmoja, juu yake meza kubwa ya katikati na stuli zake. Sasa chukua sebule ya futi 10 kwa 12, ambayo wapangaji wengi tunaijua. Ni futi za mraba 120. Sofa ya watatu inakula kama futi 7 kwa 3, hizo 21. Ya wawili ni futi 5 kwa 3, hizo 15. Zile mbili ndogo ni futi 3 kwa 3 kila moja, hizo 18. Zimeshaondoka futi 54, karibu nusu ya sebule, na bado hujaweka meza, hujaweka TV, mlango haujapata pa kufungukia. Halafu mtu anasema nyumba yangu ndogo sana. Nyumba haina kosa, seti ndiyo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala kwenda Keko kwa mafundi wa fenicha, chukua futikamba na daftari. Pima kuta zote, pima mlango unapofungukia unafika wapi, pima dirisha linaanza urefu gani kutoka sakafuni, weka alama soketi za umeme zilipo. Usisahau geti, korido na ngazi kama unakaa ghorofani, maana milango mingi ya ndani ina upana wa sentimita 80 hivi na ndipo sofa hukwamia. Kisha nunua ile selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, ubandike sakafuni umbo la kila kitu unachokitaka. Kaa na hizo alama siku kadhaa. Pita na ndoo ya maji, pita na mtoto mgongoni. Njia ya kupita inahitaji angalau sentimita 60, na ukipata 75 unapumua. Kati ya sofa na meza acha 40 hadi 45, ili mguu upite na mkono ufikie kikombe.

Ukishafanya hivyo utagundua sebule ya futi 10 kwa 12 inabeba vizuri sofa moja ya watatu, viti viwili vyepesi vinavyohamishika, na meza ndogo. Basi. Na hapo ndipo uzuri unapoanzia, kwa sababu hela ya vitu saba sasa unaimwaga kwenye vitu vinne.

Sofa ya nyumba ndogo ina alama zake. Mikono iwe myembamba, sentimita 10 hivi. Zile za kunenepa zina sentimita 25 kila upande, kwa hiyo ukizipunguza unaokoa sentimita 30 bila kupunguza mahali pa kukaa hata kidogo. Miguu ionekane, sentimita 12 hadi 15, ili macho yaone sakafu inaendelea chini yake na fagio lipite. Mgongo uwe chini ya kizingiti cha dirisha. Kitambaa cha rangi moja iliyotulia, halafu rangi kali iende kwenye mito midogo ambayo utaibadili ukichoka. Hiyo ndiyo sura ya kisasa mnayoiona kwenye picha za mtandaoni: mistari iliyonyooka, nafasi chini, rangi chache. Haihitaji vifungo vya kung'aa wala nakshi ya dhahabu, na vitu hivyo ndivyo vinavyopandisha bei.

Sasa ndani ya sofa, maana huko ndiko wengi wanakolizwa. Ukifika kwenye karakana au duka la fenicha, omba sofa ipinduliwe. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Papasa kile kitambaa cheusi cha chini. Unapaswa kugusa mikanda ya raba iliyofumwa kwenda na kurudi, imevutwa mpaka inagoma ukiibonyeza, nafasi kati ya mkanda na mkanda isizidi vidole vitatu. Ukigusa kitu kama kiroba kilichopigiliwa misumari, hapo patabonyea mapema. Gonga pembeni mwa mikono na mgongoni: mlio wa ngoma maana yake ndani kuna boksi la katoni limevishwa kitambaa. Mtoto akiegemea kwa goti, linatoboka.

Sponji nayo ina hesabu yake. Hupimwa kwa kilo kwa kila mita ya ujazo, na ya kukalia kila siku inafaa iwe kilo 30 kwenda juu. Kama mito ya kukalia inatoka, chukua mmoja upime kwenye mzani wa duka la jirani. Mto wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa 15 unapaswa kuwa na kama kilo moja na gramu 600 za sponji. Ukikuta nusu ya hapo, hiyo ni sponji ya mapambo. Kuna pia ile ya vipande vya rangirangi vilivyogandishwa pamoja. Ni nzito na ngumu, bei yake nafuu, na ukiweka juu yake inchi moja au mbili za sponji laini unapata kiti kinachodumu. Siyo ya kuidharau.

Mbao. Mninga na mkongo ni mbao nzuri mno, ila zinatoka kwenye misitu ya asili, bei yake inajulikana, na uvunaji wake unahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Kwa bajeti yetu naona mambo mawili. Msaji (tiki) wa kupandwa, kama ule wa Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, kwa vitu vinavyoonekana: miguu, meza, ubao wa kichwani kwa kitanda. Na paina ya Sao Hill, Mufindi, kwa fremu za ndani na hata kwa rafu. Watu wanaidharau paina kwa sababu wameizoea kwenye kenchi za paa. Lakini ukiipiga randa vizuri, ukaisugua kwa msasa mpaka iteleze, ukaipaka vanishi isiyong'aa badala ya ile ya rangi ya chai, unapata meza ya rangi nyepesi ya asali yenye macho yake ya mti, na mgeni atauliza umenunua wapi. Sharti moja tu: iwe kavu. Mbao bichi ikija kukaukia ndani kwako inajikunja, maungio yanalegea, kitanda kinaanza kulia usiku. Inyanyue: bichi ni nzito kupita umbo lake, na ukiigusa ina ubaridi.

Stendi ya TV usinunue lile kabati la kupanda mpaka darini. Karatasi moja ya plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ina futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Mwambie fundi aipasue kwa urefu vipande vinne vya upana wa sentimita 30. Kipande cha kwanza kitoe ubao wa juu wa 150 na mbavu mbili za 45. Cha pili kitoe ubao wa chini wa 150 na vigawanyo viwili vya 40. Tayari una stendi ya mita moja na nusu yenye vyumba vitatu, na umetumia nusu ya karatasi. Vipande viwili vilivyobaki ni rafu za ukutani. Kwa Dar na Tanga napendelea plaiwudi, maana MDF inakunywa maji kwenye kingo zake. Tunadeki kila siku, maji yanagusa, baada ya muda pale chini pamevimba kama andazi. Kama ni MDF lazima, ipandishe kwenye miguu ya sentimita 10 na kingo zote zipakwe rangi au zibandikwe ukanda, hata zile zilizoelekea ukutani.

Chumbani: kitanda cha futi 6 kwa 6 kwenye chumba cha 10 kwa 10 kinakuachia futi 4 upande, na bado kabati linataka futi 2 za kina ili nguo ziningʼinie vizuri. 5 kwa 6 inatosha wawili. Chini yake weka droo au masanduku ya kuvuta. Mablanketi, viatu vya kanisani, sufuria za sherehe, vyote vinalala humo.

Na fundi. Usimpelekee picha tupu kutoka kwenye simu. Ile picha imepigwa kwenye sebule kubwa kuliko nyumba yako nzima, naye atakadiria. Andika urefu, kina, kimo cha kukalia (sentimita 43 hadi 45 ni sawa kwa watu wazima wengi), unene wa sponji, aina ya mbao, siku ya kukabidhi, wote muweke sahihi. Lipa hela ya vifaa kwanza, siyo yote. Kisha, na hili ndilo ningependa mlibebe kuliko yote, mwambie hutalipa sehemu ya pili mpaka uione fremu ikiwa uchi, kabla hajaivisha kitambaa. Nenda ukakae juu yake. Itikise. Kitambaa kikishapanda, hakuna anayejua kilichomo.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mdau kutoka Nairobi:

Asante sana kwa huu uzi. Mimi niko Nairobi, naishi bedsita, kitanda na jiko na sebule vyote chumba kimoja. Nimezunguka soko la Gikomba na kwa mafundi wa Ngong Road, wengi wananishauri sofa ya kugeuka kitanda. Unaonaje? Pia mwenye nyumba hataki nipige misumari kwa ukuta.

Mleta uzi:

Karibu ndugu yetu. Kama utalala juu yake kila siku, mimi siishauri. Mgongo wako unalala kwenye maungio, na ile chuma ya kukunja ndiyo huanza kuharibika. Afadhali kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita chenye godoro zuri, ukiweke ubavu ukutani, halafu shonesha mito mirefu mitatu ya kuegemea na kava zito la kufunika godoro lote. Mchana ni kochi, usiku unaondoa mito tu. Angalia kina: kitanda hicho kina zaidi ya mita moja, kwa hiyo mito ya mgongoni iwe minene, sentimita 25 mpaka 30, la sivyo mgeni atakaa miguu inaningʼinia.

Kuhusu ukuta, tengeneza rafu ya kusimama mithili ya ngazi, au ya bomba la mraba la chuma lenye mbao juu yake. Fundi wa kuchomelea anaifanya, na ukiiweka katikati ya chumba inakugawia sehemu ya kulala na sehemu ya kukaa bila kuziba mwanga. Mwambie maungio yawe ya bolti ili uifungue siku ya kuhama.

Mdau kutoka Zanzibar:

Assalaam aleikum. Nyinyi wa bara mnahangaika na jambo ambalo wazee wetu walilimaliza. Nyumba za Mji Mkongwe, na za Lamu vilevile, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa, haifiki mita tatu. Sasa waliishije humo na wakapendeza? Walitumia ukuta. Vidaka vimechongwa ndani ya ukuta, vyombo vya kauri na misahafu vinakaa humo, sakafu imebaki kwa watu. Nje baraza ya mawe, hakuna kiti cha kununua. Kitanda cha samadari kiko juu, chini yake unasukuma kasha. Mambo ya kisasa mnayoyatafuta ndiyo hayo hayo.

Mleta uzi:

Waaleikum salaam sheikh, hapa umetufundisha kitu. Kwa anayejenga sasa hivi hili linawezekana bila gharama kubwa: mwambie fundi muashi kabla ukuta haujapanda, aache kidaka kimoja sebuleni na kimoja bafuni, aweke kilinta juu yake. Kuta za mawe za Mji Mkongwe ni nene sana, zetu za tofali zina inchi 6, kwa hiyo kina kitakuwa kidogo, cha vitabu vilivyolala na vikombe. Usije ukabomoa ukuta uliokwishasimama bila kumuuliza anayeujua.

Na baraza ya ndani ni wazo zuri mno kwa sebule finyu: benchi la mbao la kimo cha sentimita 45 pamoja na mto, kufuata ukuta wa dirisha, kina sentimita 50, mfuniko wa bawaba, chini stoo. Juu mto wa sponji ngumu. Linakalisha wanne, halina mikono, halina mgongo wa kununua kwa sababu ukuta ndio mgongo.

Mdau, mama wa watoto wawili (Mbeya):

Kaka yangu, yote sawa, lakini sofa moja! Mwanamke wa watu nikipata wageni, wifi na mashemeji wakija, wanakaa wapi? Watasema nimeshindwa kupanga nyumba.

Mleta uzi:

Dada, nakuelewa kabisa, na shinikizo hilo ndilo linalowauzia watu seti za watu saba. Hesabu waliopo: sofa watatu, viti viwili, pafu mbili (stuli za sponji) zinazoingia chini ya meza, hao tayari ni saba. Ukiongeza benchi la dirishani alilotuletea sheikh, umefika kumi na moja, na bado mnaweza kupishana. Kwenye shughuli kubwa, mwenyeji awe na jumba au awe na chumba, watu hukaa kwenye mikeka na viti vya kukodi chini ya turubai. Hakuna wifi aliyewahi kupima ukarimu wa mtu kwa sofa, wanakumbuka chakula na uso uliowapokea.

Kwa watoto wawili, mito yote iwe na zipu ili foronya zifuliwe. Na meza ya katikati iwe ya duara, pembe zisiwafikie usoni.

Mdau, fundi seremala:

Wakuu, mimi ni fundi, nimesoma uzi wote na sijakasirika, yaliyosemwa ni kweli. Ila na nyie wateja msikie. Mtu anakuja na picha ya sofa, namwambia bei, anaikata nusu. Nikikataa anaenda kwa wa pili, wa pili anakubali. Unafikiri ile nusu imetoka wapi? Mbao ya pembeni inakuwa boksi, mikanda inakuwa kiroba, sponji inashuka. Kitambaa hakishuki kwa sababu ndicho unachokiona. Ukitaka kupunguza bei, mwambie fundi apunguze kazi: mgongo usiwe wa kubonyeza vifungo, mikono iwe imenyooka, mto uwe mmoja mrefu badala ya mitatu. Hapo napunguza kwa moyo mweupe na sofa yako inabaki na mifupa.

Lingine, ulizeni maungio. Miguu ya meza na kitanda iwe ya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inaingia kwenye tundu la nyingine, pamoja na gundi. Ya misumari peke yake inacheza. Na kuniletea vifaa ulivyonunua mwenyewe naruhusu, ila njoo tuende wote dukani, maana wengi wanaletewa mbao fupi.

Mleta uzi:

Fundi, ahsante sana. Hili la kupunguza kazi badala ya vifaa naomba kila mtu alinakili. Ndiyo maana sofa rahisi ya mistari iliyonyooka inaweza kuwa nafuu na imara kwa wakati mmoja.

Mdau (Kimara):

Vipi mitumba? Nimeona viti vya ofisini na sofa za kontena, mbao ngumu kabisa, bei ya kawaida. Naogopa kunguni tu.

Mleta uzi:

Mitumba ni nzuri, hasa vitu visivyo na kitambaa: meza, rafu za chuma, viti vya mbao, makabati ya faili ambayo ukiyapaka rangi yanageuka kabati la viatu. Hata waajiriwa wa kigeni wanaomaliza mikataba huuza kwa haraka, fuatilia matangazo yao.

Kwa vyenye kitambaa, nenda mchana na tochi ya simu. Fungua zipu, angalia mishono, kona za chini na pale kitambaa kilipopigiliwa kwenye mbao. Vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu, au magamba ya rangi ya kahawia, acha hapohapo hata kama wanakupa bure. Ukiipenda fremu yake lakini huamini kilichomo, inunue kwa bei ya fremu, ipeleke moja kwa moja kwa fundi bila kupitia nyumbani, avue kitambaa na sponji vyote, fremu isuguliwe na kupigwa dawa, ivishwe upya. Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) ilipe safari ya kwenda kwa fundi, na umwambie dereva afagie gari kabla hajapakia mzigo wa mwingine.

Kesho nitaweka mchoro wa lile benchi la dirishani na vipimo vyake, kwa futi na kwa sentimita, kama mlivyoomba wengi inbox.